Kila Chakula na Majira Yake

Mtu akikaa mjini siku nyingi husahau ya kuwa chakula kina majira. Huona nyanya sokoni mwezi wa Januari, huziona tena mwezi wa Julai, akadhani nyanya ni kama sabuni, kitu kinachotengenezwa kila siku mahali fulani. Kumbe sivyo. Nyanya ya Januari na nyanya ya Julai hazikupata mvua moja wala hazikupita njia moja, na bei zake mara nyingi si moja. Mwenye kujua hayo hula vizuri kwa fedha kidogo. Asiyejua hulipa zaidi, tena hula vibaya.

Ninaandika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, muhula huu baraza la wanafunzi litapiga kura juu ya chakula cha shule yetu hapa Kibenga. Wenzetu wengi wataka ndagala, maharage na lengalenga vipunguzwe, na badala yake tupewe tambi na samaki wa makopo. Ya pili, mimi ni kiranja wa chakula mwaka huu, na kila Jumamosi hufuatana na mpishi wetu sokoni. Nimejifunza huko mambo ambayo sikuyaona katika daftari langu la jiografia. Yafaa tuyajue kabla ya kuinua mikono. Nanyi ndugu mliokwisha kumaliza shule, ambao sasa mna majiko yenu wenyewe mjini, nadhani somo hili lawahusu kuliko sisi.

1. Mji uliokaa chini ya ngazi

Kibenga iko upande wa kusini wa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye njia ya kwenda Rumonge. Maji ya ziwa yako kama mita 770 juu ya bahari. Geuka sasa, ulipe ziwa kisogo, utazame mashariki. Milima yaanza papo hapo. Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote ya Burundi, wapita mita 2,600, nao hauko mbali na mji wetu.

Nchi yetu basi ni kama ngazi, na Bujumbura imekaa kwenye kidato cha chini. Kidato hicho huitwa Imbo: ni tambarare yenye joto, nayo hutoa mpunga, mihogo, maembe, na kule Rumonge mafuta ya mawese. Kidato cha pili ni Mumirwa, yaani miteremko ya milima, nchi ya migomba, mihogo na maharage. Kidato cha juu ni Mugamba, kwenye baridi na ukungu. Huko hutoka viazi mviringo, kabichi, karoti, njegere na maziwa. Ng'ambo ya Mugamba nchi yashuka tena kuelekea Gitega, penye maharage na ndizi nyingi.

Miji mingi duniani hungojea majira ya nchi moja tu. Sisi twapata majira ya nchi tatu kwa mwendo wa saa chache. Jua likichoma mboga za Imbo, mboga za Mugamba bado zina umande. Hii ni neema kubwa, wala hatukuifanyia kazi.

2. Majira matatu ya mkulima

Mkulima wa Burundi huhesabu majira matatu. Ya kwanza huitwa Agatasi. Hupandwa mvua zinapoanza, Septemba na Oktoba, na mavuno yake huja Desemba na Januari. Hayo ndiyo majira ya mahindi mabichi na maharage mapya. Ya pili ni Impeshi. Hupandwa Februari na Machi, wakati wa mvua kubwa, na huvunwa karibu na Juni. Haya hujaza ghala kwa maharage, na katika Imbo kwa mpunga. Ya tatu ni Ici, yaani kiangazi. Milima ikiwa mikavu, watu hushuka kulima mabondeni penye unyevu, wakapanda mboga, viazi na maharage kidogo.

Kutokana na hayo twaweza kujua sababu za bei. Nyanya huchukia mvua nyingi: majani huoza na tunda huingia madoa. Kwa hiyo nyanya nzuri na rahisi hupatikana zaidi kiangazi, ambapo wakulima huzinywesha mabondeni. Lengalenga hupenda mvua. Vuli ikianza, fungu la mchuuzi hunenepa na bei haipandi. Maharage huwa rahisi mara baada ya mavuno, kisha hupanda polepole kadiri ghala zinavyopungua.

Tena twajua miezi ya shida. Oktoba na Novemba, na tena Aprili na Mei, mbegu ziko ardhini na ghala ni tupu. Mtu wa mjini huona bei imepanda, akasema, "Wakulima wamekuwa wachoyo." Lakini mkulima mwenyewe miezi hiyo ni mnunuzi kama yeye, tena mara nyingi ana njaa kuliko yeye.

3. Ziwa nalo lina kalenda

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal ya Urusi. Lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, nalo ni la nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Sehemu yetu ni ndogo, yapata asilimia 8 tu. Samaki wetu wajulikanao sana ni watatu: ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa, mukeke, ambaye huwinda ndagala, na sangala, samaki mkubwa.

Jumamosi moja nilimwuliza mama mmoja sokoni, "Mama, habari za asubuhi? Mbona leo ndagala wamekuwa ghali hivi?"

Akacheka. "Mwanangu, jana usiku hukuutazama mwezi?"

Jibu lake lilikuwa somo kamili. Wavuvi huenda usiku na taa. Mwanga huwavuta ndagala wakakusanyika, na wavu ulioshushwa chini yao huinuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, maji yote yana mwanga, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hukaa ufukoni. Basi mwenye busara hununua ndagala wabichi wakati wa giza la mwezi, na wiki ya mbalamwezi hula waliokaushwa. Mpishi wetu hufanya hivyo bila kalenda ya ukutani. Hutazama juu tu.

Mwaka nao una zamu zake. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini huvuma juu ya ziwa, na hasa upande wa kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, yakalisha vijidudu ambavyo ni chakula cha samaki. Mwaka 2016 wataalamu walioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona walieleza ya kuwa joto la dunia limepunguza kuchanganyika huko kwa maji, na chakula cha samaki kimepungua pia. Tena wavuvi wameongezeka. Kwa hiyo nchi nne za ziwa zilipatana kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika sehemu yake kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15.

Hapa ndipo wengi hukosea. Husema, "Ukipenda samaki wa ziwa letu, mle kila siku." Sivyo. Katika miezi ya kupumzisha ziwa, ampendaye samaki hula maharage. Akinunua samaki wachanga kwa siri kwa kuwa wana bei nafuu, amekula na samaki wa mwakani.

4. Njia ya kikapu

Zamani Bujumbura ilikuwa na soko kuu moja. Soko hilo liliungua Januari 27, 2013, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali zao zote. Tangu siku hiyo biashara ya chakula imetawanyika zaidi katika masoko ya mitaa. Sisi wa Kibenga twaenda Kinindo au Kanyosha. Wengine huenda Musaga, au Ruvumera katika Buyenzi.

Tuufuate mkungu mmoja wa ndizi. Umekatwa alfajiri Mumirwa. Kijana anaufunga pamoja na mingine juu ya baiskeli, akashuka kwa barabara ya Bugarama, kona baada ya kona. Breki zikikatika hana la kufanya ila kuomba Mungu. Akishauza, hana nguvu ya kukanyaga mlima ule mrefu. Basi hushika nyuma ya lori, akavutwa mpaka juu. Wageni hupiga picha. Sisi tuliozaliwa kule twajua majina ya waliokufa njiani.

Mimi ni mtoto wa Mumirwa. Ada yangu hutoka kwenye migomba na mihogo ya nyumbani. Katika vijana wale wa baiskeli yumo rafiki yangu wa shule ya msingi, ambaye katika darasa letu alinishinda hesabu kila muhula. Mwaka ule bei ya ndizi ilianguka, na kwao walikuwa na watoto wengi kuliko kwetu. Mimi nikaja shule, yeye akanunua baiskeli. Kwa hiyo mwenzangu anaposema mezani, "Ndizi tena! Chakula cha washamba," nashindwa kucheka pamoja naye.

Petroli ilipokuwa adimu nchini, kama tulivyoona mwaka 2024, tulifahamu vema thamani ya chakula cha karibu. Kitu cha mbali kilipanda bei kwa sababu ya nauli. Kikapu kilichobebwa kichwani toka Isare hakikuhitaji petroli.

Lakini nisieleweke vibaya. "Karibu" hakupimwi kwa mpaka wa nchi. Uvira ya Kongo iko karibu nasi kuliko Rumonge, na wakati wa amani akina mama hupita Gatumba na vikapu vyao pande zote mbili. Mchele wa Tanzania nao umetulisha sana miezi ya shida. Jirani ni jirani. Ninachosema ni kwamba tuanze na kilicho karibu na kilicho katika majira yake, kisha tujazie pengo kwa cha mbali.

5. Je, chakula hiki kina nguvu?

Wengine husema chakula cha kopo ni cha watu walioendelea. Tupime kwa elimu ya viumbe tuliyofundishwa.

Ndagala huliwa mzima, pamoja na mifupa yake. Kwa hiyo hutupa chokaa ya kujenga mifupa yetu, pamoja na protini. Maharage yana protini ambayo peke yake si kamili, na mahindi vilevile, lakini vikiliwa pamoja kila kimoja hutimiza upungufu wa mwenzake. Bibi zetu walijua hayo kabla ya neno protini kufika. Lengalenga ina madini ya chuma na vitamini. Mawese mekundu, rangi yake ile ndiyo dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Sombe nayo ni mboga bora, ila yataka kutwangwa na kuchemshwa sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mfano mmoja kutoka kwa jirani. Katika Kenya yuko profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Utotoni mwili wake ulikataa nyama, maziwa na mayai, akakua kwa mboga za kienyeji ambazo watu waliziita chakula cha maskini. Alipokuwa mtaalamu alizifanya mboga hizo kazi ya maisha yake: mchicha, kunde, mnavu na nyinginezo. Leo mboga hizo huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Na chama cha Slow Food, kilichoanzishwa na Carlo Petrini katika Italia, ambacho hutetea vyakula vya kila mahali, mwaka 2022 kilimchagua Mganda, Edward Mukiibi, kuwa rais wake. Basi wanaotazama mbele siku hizi wanatazama vikapu vyetu.

6. Neno la upande wa pili

Si haki kuandika upande mmoja. Wenzetu wanaotaka tambi wana sababu, nami nimezisikiliza.

Husema, "Tumechoka kula kitu kilekile." Ni kweli. Lakini nimetazama orodha yetu ya chakula: maharage na ugali Januari, maharage na ugali Juni. Orodha hiyo haijui majira. Tukiifuata kalenda ya mkulima, tutapata mahindi mabichi Januari, maembe mvua za kwanza zikija, njegere na viazi vya Mugamba, nyanya nyingi na intore kiangazi, mukeke siku wanapopatikana kwa bei nafuu. Dawa ya uchovu iko sokoni Kinindo.

Husema tena, "Ndagala wana mchanga." Na hili ni kweli, kama wameanikwa chini. Walioanikwa juu ya vichanja vya waya hawana mchanga. Bei yao huzidi kidogo, lakini meno yetu yana bei pia. Tukidai wale wa vichanja, na shule nyingine zikidai, wakaushaji wengi watajenga vichanja.

Husema mwisho, "Kopo halina kazi, unafungua tu." Hapo sina jibu zuri kuliko hili: maharage yataka kuni nyingi, na kuni ni miti. Lakini ukiyaloweka usiku kucha, huiva upesi, na kuni hupungua. Kuloweka si kazi ya mpishi peke yake. Hata sisi twaweza kuchota maji.

7. Mambo matano ya kufanya

Kwanza, jifunze kuuliza. Sokoni usianze na bei, anza na "Hiki kimetoka wapi?" Mchuuzi mwaminifu hufurahi kujibu.

Pili, nunua kingi wakati wa mavuno, ukihifadhi. Maharage makavu kabisa, yakifungwa katika chombo kisichopitisha hewa, hayaliwi upesi na wadudu. Ndugu mliooa, nunueni Juni na Januari, msingoje Aprili.

Tatu, usimkandamize mwenye kikapu. Hebu tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kikapu kina mafungu 20. Mafungu 10 hulipa mkulima, 4 hulipa njia, 2 huoza. Faida ni mafungu 4 tu. Ukimlazimisha akupunguzie bei ya kila fungu kwa sehemu 1 ya 5, anapouza mafungu 18 hupoteza thamani ya mafungu 3 na zaidi. Umekula karibu faida yake yote ya siku.

Nne, panda kitu. Lengalenga haihitaji shamba. Hukatwa baada ya wiki chache, ikachipua tena. Nyuma ya bweni letu kuna mahali pa kutosha matuta sita.

Tano, lipumzishe ziwa linapopumzishwa.

Kura itapigwa mwezi huu, na kila mtu ana mkono wake. Mimi nitapigia ndagala, maharage na lengalenga, kwa sharti moja: orodha ya chakula iandikwe upya kwa kufuata majira, na ibadilike kila mwezi. Atakayekuwa na orodha bora kuliko hiyo ailete barazani, tuihesabu pamoja, bei kwa bei.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mji ulio chini ya milima hupata mboga kwa miezi mingi kuliko mji ulio katikati ya tambarare.
2. Ndagala wabichi wamepanda bei ghafula wiki hii, nao wiki ijayo watashuka. Sababu yaweza kuwa nini?
3. Fanya upya hesabu ya kikapu, ikiwa mafungu 5 yameoza badala ya 2, na mteja hakupunguziwa bei. Mama yule amebakiwa na nini?
4. Mwulize mzazi wako au jirani: ni chakula gani kilicholiwa sana kwenu zamani ambacho siku hizi hakionekani? Kilipandwa mwezi gani?
5. Andika orodha ya chakula cha wiki moja kwa mwezi huu, ukitumia vitu vilivyo katika majira yake tu. Orodha zitakazoletwa kabla ya siku ya kura zitabandikwa mlangoni pa chumba cha kulia.